Anayeshika Kipimo Ndiye Anayepanga Bei: Huduma za Kupima Vyakula Garissa

Haya ni maandishi ya hotuba iliyotayarishwa kwa ajili ya vyama vya ushirika vya maziwa, wasindikaji wadogo wa vyakula na vijana wanamichezo wa Kaunti ya Garissa.



Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni kweli kabisa katika soko la Garissa mjini. Mnunuzi anamjua muuzaji, anajua ngamia wake wanalisha wapi, na akipewa maziwa mabaya leo, kesho atapita meza hiyo na kwenda kwa jirani. Lakini maziwa yakishapakiwa kwenye basi na kusafiri karibu kilomita 370 hadi Nairobi, methali hiyo hupungua nguvu. Mnunuzi wa Eastleigh hamjui mama wa Balambala. Mwenye duka kubwa hajawahi kuona boma la Lagdera. Huko mbali, chema hakijiuzi chenyewe. Kinahitaji shahidi, na shahidi huyo ni kipimo.

Chukua mfano wa mama anayetuma jerikeni tano jioni. Asubuhi anapigiwa simu: mbili zimeharibika, kwa hivyo atalipwa tatu. Pengine ni kweli zimeharibika. Pengine zimeharibika njiani kwa sababu basi lilichelewa. Pengine hazikuharibika hata kidogo. Mama huyo hana namna ya kukubali wala kukataa, kwa sababu maziwa yake hayakupimwa yalipoondoka Garissa. Aliyeko upande wa pili ndiye mwenye kipimo, hata kama kipimo chenyewe ni pua yake tu. Na katika biashara, anayeshika kipimo ndiye anayepanga bei.

Hiyo ndiyo sababu ya mazungumzo haya. Huduma za kupima bidhaa si anasa ya viwanda vya Nairobi na Mombasa. Ni sehemu ya bei anayopata mfugaji.

Mali iliyopo

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu ngamia milioni 4.6 nchini Kenya, na kaunti za kaskazini na kaskazini mashariki ndizo makao yao makuu. Maziwa ya ngamia yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe, na hayana ile protini ya beta-laktoglobulini ambayo huwasumbua baadhi ya watu wanapokunywa maziwa ya ng'ombe. Ndiyo maana wanunuzi wa mijini wanaotafuta vyakula vya afya wameanza kuyaulizia.

Maziwa hayako peke yake. Kuna susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyogandishwa kwa desturi ya wafugaji. Kuna nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta, chakula cha safari tangu zamani na chenye protini ya kutosha kwa mtu anayefanya mazoezi makali. Kuna asali. Kuna gundi ya migunga, ambayo viwanda vya vinywaji na peremende duniani huitumia. Kuna ndizi, maembe na matikitimaji ya mashamba ya kando ya Mto Tana.

Kila bidhaa kati ya hizi ina swali lake. Maziwa: je, yamechanganywa na maji, yana vijidudu, yana mabaki ya dawa? Nyirinyiri: je, imekauka vya kutosha, na mafuta yake hayajachacha? Asali: je, imetiwa sukari, ina unyevu kiasi gani? Matunda: je, yamebaki na dawa ya wadudu? Mwenye majibu ya maswali haya kwenye karatasi huingia dukani na bidhaa yake. Asiye nayo hubaki mlangoni, hata kama bidhaa yake ni bora kuliko iliyoko ndani.

Kipimo cha ng'ombe si kipimo cha ngamia

Hapa pana jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Vipimo vingi vya maziwa vilibuniwa kwa ajili ya ng'ombe. Vikihamishiwa kwa ngamia bila kufikiriwa, vinaweza kumdhulumu mtu mwaminifu.

Mfano wa kwanza ni laktomita, ile chupa ndogo inayoelea ndani ya maziwa na kuonyesha uzito wake. Mwaka 1980 watafiti walichapisha matokeo ya ngamia walionyimwa maji. Ngamia hao hawakukausha maziwa. Badala yake, maji ndani ya maziwa yaliongezeka kutoka takriban asilimia 86 hadi 91, na mafuta yakapungua kutoka asilimia 4.3 hadi 1.1. Ni maumbile ya ajabu: mama mwenye kiu anampa mtoto wake maji. Kwa hivyo, wakati wa ukame, maziwa halisi yanaweza kuwa mepesi, na mtu mwenye laktomita akamwita mfugaji mwizi. Kipimo cha haki zaidi ni cha kiwango cha joto ambacho maziwa hugandia barafu, kwa kuwa kiwango hicho hubadilika sana maji yakitiwa kwa mkono, lakini hakiyumbi hivyo kwa maji yaliyotoka kwenye kiwele.

Mfano wa pili ni wa wasindikaji. Maziwa huchemshwa kitaalamu kwa nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha hupozwa haraka. Kwa maziwa ya ng'ombe, maabara huthibitisha kazi hiyo kwa kutafuta kimeng'enya kiitwacho fosfatasi. Kikiwa kimekufa, maziwa yamepata joto la kutosha. Lakini fosfatasi ya maziwa ya ngamia hustahimili joto kali zaidi. Kiwanda kilichofanya kazi yake sawasawa kinaweza kuambiwa maziwa yake bado ni mabichi. Wataalamu wamependekeza vimeng'enya vingine vya kuangalia kwa maziwa ya ngamia.

Mfano wa tatu ni ugonjwa wa brusela, unaopita kwa mnyama hadi kwa mtu kupitia maziwa mabichi na kumletea homa za kurudiarudia na maumivu ya viungo. Kuna kipimo rahisi cha pete, ambacho hutegemea malai kupanda juu ya maziwa. Malai ya maziwa ya ngamia hayapandi kama ya ng'ombe, kwa hivyo kipimo hicho kikitumiwa jinsi kilivyo, hakiaminiki.

Mifano hiyo mitatu ina funzo moja. Maabara iliyo mbali, iliyozoea ng'ombe, haitakuwa na haraka ya kutatua matatizo ya ngamia. Huduma ya kupima maziwa ya ngamia inapaswa kukua mahali ngamia walipo.

Umbali una gharama ya maisha

Mwaka 2004, Wakenya 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini, na 125 kati yao wakafariki. Wengi walikuwa wa Makueni na Kitui, na basi la Garissa kwenda Nairobi hupita Mwingi, ndani ya Kitui hiyo hiyo. Mahindi yale hayakuwa na alama ya kumtisha mlaji. Kiwango kinachoruhusiwa Kenya ni sehemu 10 katika bilioni moja, sawa na gramu 10 katika tani 1,000 za mahindi. Hakuna jicho wala ulimi unaoweza kupima kiasi hicho. Na si 2004 tu: Novemba 2019, Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hiyo hiyo.

Garissa yenyewe ina kumbukumbu yake. Mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa na mafuriko, wagonjwa wa kwanza wa homa ya Bonde la Ufa walionekana hapa. Ugonjwa ulithibitishwa Desemba. Kufikia Machi 2007, zaidi ya watu 150 walikuwa wamefariki nchini, masoko ya mifugo yalikuwa yamefungwa, na familia zinazoishi kwa kuuza mnyama mmoja kwa mwezi zilikosa hata huyo mmoja. Wafugaji walikuwa wameona mimba za mbuzi na kondoo zikiharibika kwa wingi kabla ya habari kufika kwenye magazeti. Macho ya mfugaji yaliona mapema, lakini macho hayatoi hati. Kadiri maabara ilivyo karibu na boma, ndivyo habari ya mfugaji inavyogeuka ushahidi upesi.

Wanamichezo na chupa yenye maandishi mazuri

Vijana wanaokimbia, wanaocheza mpira na wanaonyanyua vyuma huuziwa unga wa protini, vidonge vya nguvu na vinywaji vyenye picha za misuli. Mwaka 2000 na 2001, maabara ya Cologne nchini Ujerumani ilinunua bidhaa za namna hiyo 634 kutoka nchi 13. Bidhaa 94, karibu 15 kwa kila 100, zilikuwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Hizo ni dawa zinazoweza kumfungia mwanariadha.

Chini ya kanuni za kimataifa, mwanamichezo huwajibika kwa chochote kinachopatikana mwilini mwake. Kusema "sikujua kilikuwemo" huenda kukapunguza adhabu, lakini hakufuti kosa. Kenya ilipitisha Sheria ya Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli mwaka 2016, na shirika la ADAK ndilo linaloisimamia. Mwaka 2018, maabara ya damu iliyoidhinishwa na shirika la dunia la WADA ilifunguliwa Nairobi. Maabara hiyo hupima damu ya wanariadha. Haipimi chakula wanachouziwa. Pengo liko hapo.

Kwa mjasiriamali wa Garissa, pengo hilo ni nafasi. Maziwa ya ngamia, susa na nyirinyiri ni vyakula, havihitaji homoni ili viwe na thamani. Kampuni inayoweza kuonyesha kwamba mzigo fulani, wenye nambari fulani, ulipimwa na mtu asiye na hisa katika kampuni hiyo, itakuwa imempa mwanariadha kitu ambacho chupa nyingi za kigeni hazimpi. Lakini ukweli usemwe wote: kipimo cha mzigo mmoja hakithibitishi mzigo wa mwezi ujao, na hakuna maabara inayopima kila kitu. Cheti kizuri husema kimepima nini, lini, na katika mzigo upi.

Jambo jingine ni lebo. Kuandika kwamba maziwa haya "yanaponya kisukari" ni kujitafutia matatizo. Kanuni za lebo za vyakula haziruhusu chakula kudai kinatibu ugonjwa. Mgonjwa akiacha dawa zake kwa sababu ya maandishi ya chupa, aliyeyaandika amebeba dhima. Maziwa yenye vitamini C na kalsiamu yanatosha kusifiwa kwa kile yalicho nacho.

Huduma ijengwe kwa ngazi tatu

Kosa la kawaida ni kuanza na jengo. Jengo linazinduliwa, mashine zinafika, kemikali zinakwisha, na baada ya mwaka mashine imefunikwa kwa kitambaa. Ni afadhali kuanza chini.

Ngazi ya kwanza ni kituo cha kukusanyia maziwa. Hapa vinatosha vitu vya kawaida: kipimajoto, laktomita, spiriti, kijiko cha kuchemshia, karatasi za kupima uchachu, na daftari. Kipimo kinachukua dakika chache, na mama anaona matokeo kwa macho yake kabla jerikeni haijamwagwa kwenye tangi. Daftari hilo lina thamani kuliko linavyoonekana. Simu ya asubuhi kutoka Nairobi ikija, kuna maandishi ya jana jioni ya kujibu.

Ngazi ya pili ni maabara ya eneo, inayopima kisichoonekana: idadi ya vijidudu, brusela, mabaki ya antibiotiki, aflatoksini. Garissa haianzi na mikono mitupu. Idara ya Mifugo ya kitaifa ina maabara yake ya uchunguzi wa magonjwa ya wanyama hapa Garissa, KEBS ina ofisi ya eneo hili, na Chuo Kikuu cha Garissa na vyuo vya ufundi vinaweza kufunza mafundi wa maabara ambao ni watoto wa hapa na hawatahama baada ya miezi sita. Kaunti iliyo na mtambo wa umeme wa jua wa zaidi ya megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019, haipaswi kushindwa kuwasha friji ya sampuli.

Ngazi ya tatu ni maabara kubwa za Nairobi na za nje, kwa vipimo vya gharama kubwa kama homoni na dawa za michezo. Hakuna haja ya Garissa kununua mashine hizo leo. Inachohitaji ni mtu anayejua kuchukua sampuli, kuifunga, kuiandika na kuisafirisha katika baridi bila mnyororo kukatika. Sampuli iliyochukuliwa vibaya hupata jibu baya hata ikipelekwa kwenye maabara bora duniani. Gunia la mahindi linaweza kuwa salama juu na sumu katikati, kwa hivyo kiganja kimoja cha juu si sampuli.

Gharama nayo inawezekana kubebwa ikigawanywa. Muuzaji mmoja hawezi kulipia kipimo kila siku. Chama cha ushirika chenye wanachama wengi kinaweza kulipia tangi moja, mara moja kwa wiki, na kila mwanachama akachangia kidogo sana kwa lita.

Maabara nayo ipimwe

Cheti hakina thamani kuliko jina la aliyekitoa. Kiwango cha kimataifa cha maabara ni ISO/IEC 17025, na hapa nchini shirika la KENAS ndilo linalotoa idhini. Maabara yenye idhini hupewa sampuli za siri ambazo majibu yake yanajulikana na mwingine, ili ionekane kama itayapata. Mashine zake hurekebishwa kwa ratiba. Na anayepima hauzi maziwa, wala si shemeji wa anayeuza.

Nchi nyingine zimeonyesha inavyochukua muda. Mauritania, kiwanda cha Tiviski kilichoanzishwa na Nancy Abeiderrahmane mwishoni mwa miaka ya 1980 kilikusanya maziwa ya wafugaji wanaohama na kutengeneza hata jibini ya ngamia, lakini masharti ya soko la Ulaya yaliizuia jibini hiyo kwa miaka mingi. Falme za Kiarabu ziliruhusiwa kupeleka bidhaa za maziwa ya ngamia Ulaya mwaka 2013, baada ya kuonyesha udhibiti wa magonjwa na vipimo vinavyokubalika huko. Maziwa ya Mauritania hayakuwa mabaya. Kilichokosekana ni karatasi ambayo mnunuzi angeikubali.

Kipimo si kiboko

Mwisho, kuna hofu ambayo lazima ijibiwe. Wauzaji wengi wakisikia neno "kupima" huona afisa anamwaga maziwa barabarani. Ikiwa kila kipimo kitaishia kwa kumwaga, watu wataficha maziwa yao na kuyapitisha njia za nyuma, na mlaji atabaki hatarini kuliko mwanzo.

Kipimo kikianguka, kiulizwe swali la pili: kwa nini? Kama ni jerikeni yenye kona zisizosafishika, suluhisho ni chombo cha alumini. Kama ni joto la njiani, suluhisho ni kupoza kabla ya safari. Kama ni dawa, suluhisho ni kuheshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kukamua kwa ajili ya soko. Maziwa yaliyochacha kidogo lakini ni safi yanaweza kuwa na njia nyingine ya kuuzwa, ila yenye sumu au dawa hayana njia yoyote isipokuwa kuharibiwa. Mfugaji akiona kwamba kipimo cha leo kimemsaidia kuuza kesho, atakileta chombo chake mwenyewe.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji ili azitumie vyema. Jedwali la Nne linazipa kaunti kazi ya udhibiti wa magonjwa ya wanyama na utoaji wa leseni kwa wauzaji wa vyakula. Viwango vyenyewe hubaki kwa KEBS. Kila mmoja ana sehemu yake, na sehemu ya mlaji si ndogo: anaponunua bidhaa yenye alama ya ubora, anaweza kutuma herufi SM# na nambari ya kibali kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 ili ajue kama alama ni ya kweli.

Kwa vyama vya ushirika, kazi ya kuanzia ni ndogo. Nunueni laktomita, kipimajoto na daftari. Mchagueni mwanachama mmoja anayeaminiwa na wote, afunzwe, na aandike matokeo ya kila chombo, kila jioni, mazuri na mabaya. Baada ya miezi mitatu kutakuwa na kumbukumbu ambayo hakuna mnunuzi wa Nairobi anayeweza kuipuuza, na hapo ndipo mazungumzo ya bei yataanza upya, pande zote mbili zikiwa na kipimo mkononi.